Jinamizi la Freddy ni la Nani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza mtunzi anasema nini. Mtunzi mwenyewe ni nani hasa, hilo tunalipita haraka. Dokumentari ya Never Sleep Again (2010), iliyoongozwa na Daniel Farrands na Andrew Kasch, inatulazimisha tusimame hapo. Inaeleza jinsi zilivyotengenezwa filamu za kutisha za A Nightmare on Elm Street, zilizoanza mwaka 1984. Humo Freddy Krueger, muuaji mwenye uso ulioungua na glovu ya visu, huwaua vijana ndotoni, nao hufa kweli.

Saa nne, jamani! Lakini sikuchoka, maana wanaosema ni wafanyakazi wenyewe. Chukua kifo cha Glen, kijana anayeigizwa na Johnny Depp: kitanda kinammeza, kisha damu inaruka hadi darini. Kumbe chumba kizima kilijengwa kiweze kuzungushwa. Kiligeuzwa juu chini, damu ikamwagwa kwenda chini, nasi tukadhani inapanda. Ukitaka somo la fani, ndilo hilo. Hofu ile ni kazi ya mikono mingi, ya maseremala na wapaka rangi pia.

Hata mwisho wa filamu ya kwanza una wenyewe wawili. Wes Craven, mwandishi na mwongozaji, aliyewahi kufundisha chuoni, alitaka jinamizi liishe. Robert Shaye wa kampuni ya New Line alitaka mlango ubaki wazi kwa filamu nyingine. Nani alishinda? Robert Englund aliigiza Freddy katika filamu nane hadi mwaka 2003. Hapo maudhui yaliamuliwa na mwenye mfuko, na dokumentari haioni haya kutuonyesha.

Sasa shida yangu. Craven alieleza kwamba wazo alilitoa magazetini: habari za wakimbizi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki waliokuwa wakifa usingizini huko Marekani. Watu hao walikufa kweli. Ripoti ya afya ya nchi hiyo ya Desemba 1981 ilitaja vifo vya ghafla 38, karibu vyote vya wanaume, wengi wao Wahmong wa Laos, waliokimbia vita ambavyo Marekani ilikuwa na mkono wake.

Aliyeunda glovu ya Freddy anapewa nafasi ya kusema, na anastahili. Jamaa za marehemu je? Hao wanabaki kuwa chimbuko tu, kisha tunarudi studio. Watunzi wameongezeka, sawa, ila wote ni wa upande uleule wa kamera.

Mswahili anayelijua jinamizi, lile linalomkalia mtu kifuani usiku hata asiweze kupiga kelele, hawezi kuliita hilo wazo la filamu likaishia hapo. Wahmong nao wanalo lao, wanaliita dab tsog. Dakika kumi za mzee mmoja wa Kihmong akilieleza ningezipokea kwa mikono miwili, na kuzilipia ningekata bila huruma vichekesho vyote vya Freddy wa mwaka 1991.