Usikanyage Kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, kule Sesriem, kwenye lango la kuingilia Jangwa la Namib, bado ni usiku. Sisi tuliozoea jua la karibu na Ikweta, lisilobadili sana saa yake mwaka mzima, hilo peke yake linatushangaza. Nyota zimetanda, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na watu wanane tumesimama kando ya magari mawili tukipasha vidole moto kwa vikombe vya kahawa. Kiongozi wetu, Mnamibia wa makamo, anakagua matairi kwa tochi. Akimaliza anatuambia neno alilotuambia jana na atakalotuambia tena kesho: mkishuka garini, msikanyage kwanza mpaka niwaonyeshe pa kukanyaga.

Nimepiga picha za harusi na mahafali Morogoro kwa miaka 19. Nilipoingia katika safari ile ya wapiga picha katika Jangwa la Namib nilidhani nimelipia usafiri, hema na mtu wa kunionyesha njia. Nimerudi nikijua kwamba nilimlipa fundi. Nasema fundi kwa maana yake nzito, ile tunayompa seremala anayeupapasa ubao kabla hajachukua msumeno. Watu wengi humwona mtu wa kazi hii kama dereva anayejua lugha za wageni. Nataka kueleza nilichokiona mikononi mwake, au tuseme miguuni mwake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa kwenye miguu.

Alianza na mchanga. Jioni ya kwanza alitoa sumaku mfukoni, akaipitisha juu ya tuta, ikanyanyuka na ndevu za chembe nyeusi. Akatueleza kwamba mchanga ule umetoka mbali: sehemu kubwa uliteremshwa na Mto Orange hadi Bahari ya Atlantiki, mkondo wa bahari ukausukuma kaskazini, mawimbi yakautupa ufukweni, upepo ukaupeleka bara. Karibu na pwani umepauka. Kadiri unavyoingia ndani unazidi kuwa mwekundu, kwa kuwa chuma kilichomo kimepata muda mrefu zaidi wa kushika kutu. Na kuzunguka bonde la Sossusvlei upepo huvuma kutoka pande mbalimbali, kwa hiyo matuta huota migongo mingi kama mikono ya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kila mgongo una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Hayo yote hakuyasema ili kutujaza elimu. Alitaka tujue kwa nini jua likishachomoza tu mstari kati ya nyekundu na nyeusi ni mkali kama uzi wa fundi mwashi, na kwa nini saa sita mchana tuta lile lile linakuwa bapa, halina sura wala kina.

Jioni ile ile nikakosea. Tulikuwa kwenye tuta liitwalo Elim, kilomita chache kutoka langoni, jua linakaribia kuzama. Niliona viwimbi vya mchanga vimejipanga vizuri mbele yangu, nikavifuata. Nilipogeuka nikaona kamera saba zimesimama juu ya miguu mitatu nyuma yangu, na kati yake na jua kuna nyayo zangu, moja baada ya nyingine, zimekata viwimbi vyote katikati. Harusini ningesema, samahani, sogeeni kidogo, tuanze tena. Mchanga haurudi kwa kusogezwa. Kuna upepo wa usiku tu.

Kiongozi hakunigombeza. Aliwachukua wale saba, akawapeleka nyuma ya mgongo wa pili, mahali alipokuwa amepaacha makusudi bila kupataja, wakapata dakika tano au sita za mwanga wa mwisho. Nilielewa baadaye kwamba huwa ana mahali pa akiba kila jioni, kwa kuwa katika watu wanane lazima atokee mmoja wa namna yangu. Kwangu alisema tu kwamba kesho nitatembea nyuma yake, nikikanyaga alipokanyaga yeye.

Basi asubuhi ile ya baridi nilikuwa wa pili katika mstari. Lango la ndani hufunguliwa saa moja kabla ya jua kuchomoza kwa waliolala kambini, na mbele yako kuna kilomita 60 za lami. Magari mengi husimama kwenye kilomita ya 45, penye tuta ambalo kwa sababu hiyo huitwa Dune 45, watu wapande kileleni kuona jua likitoka. Sisi tulipita. Palipoishia lami alipunguza upepo wa matairi mpaka yakalegea, tukavuka kilomita tano za mchanga laini, tukashuka na kutembea kiasi cha kilomita moja. Jua lilikuwa limeshatoka, na wenzangu wawili walinung'unika kwamba tumechelewa. Hatukuwa tumechelewa. Tulikuwa tunakwenda Deadvlei, na Deadvlei ina jua lake.

Ni bonde dogo la udongo mweupe uliokauka na kupasuka, limezungukwa na matuta ya mchanga, na kubwa kati ya hayo, Big Daddy, lina urefu wa mita zipatazo 325. Zamani Mto Tsauchab ulifurika hadi hapo, miti ikaota. Kisha ukame ukaja, mchanga ukaziba njia ya maji, miti ikafa. Inakadiriwa ni miaka 600 hadi 700 iliyopita. Bado imesimama. Hewa ni kavu mno, kwa hiyo haikuoza. Jua limeichoma ikawa nyeusi kama mkaa. Kwa Kiafrikana mti huo huitwa kameeldoring, na wengi hudhani ni mwiba wa ngamia, kumbe kameel hapo ni ufupisho wa jina la twiga katika lugha hiyo. Mwiba wa twiga: jina hilo lilinipendeza, kwa maana nilimwona twiga kila nilipotazama matawi yale.

Matuta ya mashariki huzuia jua lisifike chini kwa muda mzuri baada ya mapambazuko. Wakati huo sakafu ya bonde iko kivulini na inapokea rangi ya buluu kutoka angani, huku tuta la upande wa pili limeshawaka rangi ya chungwa kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo mpiga picha Frans Lanting alipopiga ile picha iliyochapishwa na National Geographic mwaka 2011, ambayo watu wengi waliapa kwamba imechorwa kwa brashi. Kiongozi wetu alitueleza haikuchorwa: lenzi ndefu, kivuli chini, jua nyuma, na mtu aliyejua saa. Kisha akatuomba tusiitafute picha hiyo, tutafute zetu.

Na hapa ndipo nilipoona ufundi ukifanya kazi. Usiku uliotangulia alikuwa ametutaka tupange lenzi zetu zote mezani. Nilidhani ni mazungumzo ya wapenda vifaa. Kumbe alikuwa anapanga bonde. Wenye lenzi ndefu aliwasimamisha nyuma kabisa, mstari mmoja, wapige kwanza wakati sakafu yote mbele yao haina mtu. Wenye lenzi pana, mimi mmojawapo, tulisubiri. Muuguzi mmoja mstaafu mwenye goti bovu alipewa mahali penye udongo mgumu na usawa, bila kuomba na bila kuaibishwa. Wale wa nyuma walipomaliza ndipo tukasogezwa mbele, mmoja mmoja, kila mtu kwenye mti wake. Hakuna aliyegusa mti, hakuna aliyetundika begi kwenye tawi. Mbao iliyosimama karne sita haihitaji begi langu.

Akapita nyuma yetu kimya akiangalia vioo vya kamera. Kwangu alisimama. Kamera haijui jangwa, inataka kusawazisha kila kitu, na picha yangu ilikuwa imeupausha mchanga ili kuonyesha magome ya mti. Aliniambia nipime mwanga kutoka kwenye tuta linalowaka na kuuacha mti uwe mweusi. Uache uwe mweusi, alirudia. Miaka 19 nimefanya kazi ya kuwaangaza watu nyuso, na sikuwahi kufikiri kwamba giza nalo linaweza kuachwa lifanye kazi yake.

Yeye mwenyewe hakupiga picha hata moja. Kamera yake ilikuwa begini siku zote nane. Nimesikia kwa wenzangu habari za viongozi wanaosimama pazuri kuliko wateja wao, halafu wakarudi na picha za kuuza. Huo kwangu ni wizi. Kiongozi aliyeiona asubuhi ile mara mia na bado akaikabidhi kwa mgeni, hilo ndilo nililoliheshimu kuliko yote.

Baada ya dakika kama 20 mstari wa jua ukagusa sakafu, ubuluu ukatoweka, na watalii wa kwanza wakaanza kuteremka Big Daddy mbio, wakipiga kelele za furaha. Furaha yao ni halali. Kazi yetu ilikuwa imekwisha.

Siku mbili baadaye tulifika kusini, Lüderitz. Hapo wapiga picha huenda Kolmanskop, mji wa almasi ulioachwa kabisa mwaka 1956, ambako mchanga umeingia ndani ya nyumba hadi kimo cha magoti milangoni. Kabla ya kutupeleka huko alitupeleka kwenye rasi ya Shark Island. Hapo, kati ya 1905 na 1907, Wajerumani walikuwa na kambi ambamo Waherero na Wanama waliotekwa walikufa kwa njaa, baridi na kazi. Wafungwa hao walilazimishwa kujenga reli kutoka Lüderitz kwenda bara. Ni kwenye reli hiyo ambapo mwaka 1908 kibarua aitwaye Zacharias Lewala, akizoa mchanga, aliokota jiwe linalong'aa na kumpa msimamizi wake, August Stauch. Stauch akatajirika. Lewala hakutajirika. Kiongozi wetu alisema hayo kwa sauti ya kawaida, tukasimama, upepo wa bahari ukivuma, na hakuna aliyetoa kamera.

Kesho yake, ndani ya Kolmanskop, tulipiga picha vizuri sana, na tulijua tunapiga nini. Amri ilikuwa ile ile. Katika chumba kilichojaa mchanga unyayo mmoja mlangoni unatosha kuharibu asubuhi ya watu wanane, kwa hiyo tuliingia kwa milango ya nyuma, mmoja mmoja, tukitoka kwa nyayo tulizoingilia.

Mchanga husamehe, usiku mmoja wa upepo na nyayo zangu za Elim zilikuwa zimefutika. Lakini Namib ina nyanda za changarawe pia, zenye utando wa uhai unaokua polepole mno juu ya mawe, na hapo alama za magurudumu hubaki miongo na miongo. Tulipopita alizituonyesha, mistari miwili iliyonyooka hadi upeo wa macho, ya gari la mtu aliyetaka kufika mahali fulani upesi. Kiongozi wetu hakutoka barabarani hata hatua moja, ingawa mbele kulikuwa na mwanga ambao kila mmoja wetu aliutamani.

Mpiga picha mwenzangu, ukiwa umeweka akiba ya kununua lenzi mpya na uliyo nayo bado ni nzima, iache dukani. Mtafute fundi wa namna hii, mlipe anachostahili, na ukifika naye jangwani tembea nyuma yake.