Mboghoni: Kwa Nini Waliizima?

Kitufe kile hakikupaswa kuguswa. Katika kazi nzima ya kubadilisha diski ya kuwashia seva ya ushirika ule wa wakulima wa ndizi kule Mboghoni, kosa kubwa lilikuwa moja, nalo ni kuizima mashine. Mmeiona video ya kazi ile, imezunguka kwenye simu za mafundi kuanzia Taveta hadi Voi, na kila mtu ana neno. Huyu anauliza diski mpya ilikuwa ya aina gani, yule analaumu joto, wa tatu anasema ofisi ingenunua seva kubwa zaidi. Wote wanazungumzia mambo ya pembeni.

Kabla ya kitufe hali ilikuwa hivi. Diski mbili zilikuwa zikiakisiana kwa RAID 1 ya Linux tangu seva ilipofungwa. Ya kwanza ikafa, taa ya chungwa ikawaka kwenye trei yake, na mdadm ikaweka ile F pembeni ya sda2. Ya pili ikabeba mzigo wote. Makarani hawakuhisi kitu. Mikungu ilipimwa, kilo zikaingizwa, malipo yakaandaliwa. RAID 1 iliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, na tangu Patterson, Gibson na Katz walipozipanga safu hizi kwa namba mwaka 1988 kule Berkeley, ahadi yake haijabadilika: diski ife, kazi iendelee. Seva ya Mboghoni ilikuwa imetimiza ahadi hiyo barabara.

Mafundi walifika, wakachukua nakala ya hifadhidata kwenye diski ya nje, wakahakikisha inasomeka. Safi kabisa.

Sasa rudini kwenye dakika ile. Ni Ijumaa alasiri, na kesho yake ni soko la Taveta. Mtunza hazina amesimama mlangoni, anauliza: "Fundi, mkiizima itarudi?" Fundi mkubwa anajibu bila kugeuka: "Itarudi mama, data yote iko kwenye hii nyingine." Kidole kinakwenda kwenye kitufe. Feni zinapunguza mwendo, taa zinazimika moja baada ya nyingine, na yule kijana anayeshika simu anasema "sawa sawa" kana kwamba kazi imekwisha.

Lisikilizeni jibu lile tena. Kwamba data iko kwenye diski ya pili ni kweli. Lakini mama hakuulizia data. Aliuliza kama mashine itarudi, na hilo ni swali lingine lenye jibu lingine, na ndilo swali bora lililoulizwa siku ile chumbani humo. Limeulizwa na mtu asiyejua mdadm ni nini. Aliyejua hakulisikia.

Seva za siku hizi zinawaka kwa UEFI, na UEFI inatafuta sehemu ya EFI kwenye diski, ile ndogo ya FAT inayobeba GRUB. Sehemu hiyo kwa kawaida haimo ndani ya safu ya RAID ya programu, kwa sababu UEFI haielewi safu ya Linux. Inataka kuona FAT ya kawaida. Kwa hiyo aliyefunga seva mwanzoni aliziakisi sehemu za mfumo na za data, halafu sehemu ya EFI akaiacha kwenye diski ya kwanza peke yake. Kwenye diski ya pili palitengwa nafasi ya ukubwa uleule, sdb1, lakini haikuandikwa kitu. Miaka yote hiyo ilikaa tupu na hakuna aliyeiona, kwani `cat /proc/mdstat` haina habari nayo.

Mashine ikiwa imewaka, upungufu huo haudhuru. Kerneli iko kwenye kumbukumbu, mifumo ya faili imeshafunguliwa, GRUB ilimaliza kazi yake tangu siku ya kuwasha. Dereva wa lori la ndizi ambaye stata imemfia njiani hazimi injini mpaka afike Kongowea, na hakuna anayehitaji kumfundisha hilo. Seva ya Mboghoni ilikuwa imepoteza uwezo wa kuwaka tu. Uwezo wa kufanya kazi ilikuwa nao wote. Kuizima kulikuwa ni kuitaka ifanye jambo pekee isiloliweza.

Walipoiwasha tena, ikiwa na diski mpya tupu kwenye trei ya kwanza, UEFI ikatafuta, ikakosa, ikaandika kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Wakairudisha ile diski mbovu wakitumaini itanyanyuka mara moja ya mwisho. Haikuzunguka.

Kilichotakiwa kufanywa kilikuwa kifupi, na kifanywe mashine ikinguruma. Unaipa sdb1 mfumo wa FAT. Unaifungua kwenye /boot/efi, unaandika GRUB upya kwa `grub-install`, ambayo haihitaji kusoma chochote kutoka diski iliyokufa. Unatazama kwa `efibootmgr` kwamba UEFI sasa ina njia inayoelekea diski ya pili. Unarekebisha fstab ili isije ikasubiri kitambulisho cha sehemu isiyokuwepo tena. Hapo ndipo unaitoa diski mbovu kwenye safu kwa `mdadm --remove`, unaichomoa, unachomeka mpya, unanakili mpangilio wa sehemu, unaiongeza safuni, unaiacha ijijenge. Makarani wanaendelea kuandika. Trei zile zilitengenezwa zichomolewe mashine ikiwa imewaka; ofisi ilizilipia kwa sababu hiyo, na mafundi wetu wakazitumia kama za kompyuta ya mezani.

Najua watakaonijibu. Watasema kuzima ni salama zaidi, kwamba diski ikichomolewa kwenye umeme inaweza kuunguza kitu, kwamba karatasi ya muuzaji ilisema "zima kwanza". Kwenye mashine isiyo na trei za namna hiyo nitakubali, tena kwa sharti: kabla ya kuzima, diski itakayobaki iwe tayari ina EFI yake, na iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia. Kwenye mashine yenye trei, hoja hiyo haisimami. Tabia hii inatoka kwenye kutengeneza laptopu za watu, zima-washa, zima-washa, mpaka mkono unakwenda kwenye kitufe kabla akili haijafika. Nimelalamikia jambo hili kwenye safu hii hadi wengine wananiepuka. Nitaendelea kulalamika.

Liko pia hili la joto. Mboghoni iko bondeni, chini ya Kilimanjaro, na jua la kule linajulikana, kwa hiyo kila diski inayokufa upande ule inaandikiwa cheti kimoja cha kifo. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 na wakakuta uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko tulivyozoea kuamini, isipokuwa kwenye joto la juu sana na kwa diski zilizozeeka. Walilokuta lina nguvu ni hili: diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza la uchunguzi wa uso, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unapanda mara 39 kuliko diski isiyo na kosa. Kosa la namna hiyo halitangazwi kwa taa. Linapatikana kwa mtu aliyekaa na `smartctl` akaisoma diski ya pili kabla ya kuitegemea. Kwenye video nzima hakuna aliyeisoma. Walikabidhi ushirika mzima kwa diski ambayo hawakuwa wameiuliza hali, kisha wakaikatia umeme, wakati kila mmoja wao anajua diski iliyozunguka miaka bila kupumzika huchagua saa ya kuwashwa tena ndiyo saa ya kugoma. Ile ya Mboghoni haikugoma. Hilo haliwapi alama yoyote.

Na tusidhani ni ushamba wa huku kwetu. Oktoba 2016, King's College London ilipata hitilafu kwenye mtambo wake wa kuhifadhia data. Kifaa kimoja kilifeli, mtambo ukaendelea kufanya kazi kama ulivyosanifiwa, mhandisi akaja kukibadilisha, kazi ya kawaida kabisa. Ni ukarabati huo ulioangusha mtambo mzima, na baadhi ya data haikurudi, maana nakala hazikuwa zimefunika kila kitu. Kule dosari ilikuwa ndani ya programu ya mtambo na mhandisi huenda asingeiona. Ya kwetu ingeonekana kwa amri moja.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wazee wa AIX. Waliotulea kazini Mombasa, kwenye mashine za RS/6000, wasingefanya hivi hata wakiwa na homa. Kwao diski ya kuwashia haikubadilishwa kabla mkanda wa nakala wa mksysb haujatoka na kuandikwa tarehe. Kisha ngoma ilipigwa kwa mpangilio mmoja: `unmirrorvg`, `reducevg`, toa, weka, `extendvg`, `mirrorvg`, halafu `bosboot`, halafu `bootlist`. Zile mbili za mwisho ndizo zilizowatofautisha na sisi. Safu ikishajijenga, kijana wa leo anaona maandishi ya kijani anafunga begi. Mzee alikuwa bado hajamaliza, kwa sababu kwake kuakisi data na kuweza kuwaka vilikuwa vitu viwili, kila kimoja na amri yake. Waliokuwa kwenye HP-UX nao walikuwa na `mkboot` na `setboot`, njia ya kwanza na njia ya akiba, na njia ya akiba ilijaribiwa siku seva inafungwa, mbele ya mteja, kabla ya kusaini. Linux imetupa vitu bora kuliko vya wazee hao kwa bei ya bure, ila kisakinishi hakikulazimishi kuiandika EFI ya pili, na kisicholazimishwa hatukifanyi.

Kuna lingine la zamani lililokufa: namba za diski kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa seva, trei gani ina diski gani. Pale Mboghoni fundi alihesabu trei kwa kidole. Alihesabu sawa. Na zile diski mbili zilitoka kiwandani pamoja, namba zake zimefuatana, zikawashwa siku moja, zikala kazi ileile kwa miaka ileile. Anayenunua hivyo amenunua diski moja mara mbili.

Mafundi wa Mboghoni waliokoa jahazi usiku kwa USB ya Linux iliyoletwa na matatu ya Voi, wakaikusanya safu, wakaingia kwa chroot, wakaandika GRUB. Kazi nzuri, mikono imara. Lakini Jumamosi asubuhi wakulima walilipwa kwa daftari, karani akiandika kilo kwa kalamu huku foleni ikifika barabarani, na waliotaka kuwahi soko wakaondoka bila fedha zao.

Video inakatika safu ikiwa imefika robo ya kujijenga. Hatuoni `efibootmgr` ikiendeshwa hata mara moja. USB ile iliandikia GRUB kwenye diski ya pili, hilo linaonekana, lakini sda1 ya diski mpya sijaona ikiguswa. Kama haikuguswa, seva ya Mboghoni iko leo katika hali ileile iliyokuwa nayo, ila pande zimegeuka: EFI iko kwenye diski ya zamani peke yake, ile yenye umri wa iliyokufa. Mafundi waliofanya kazi ile wanasoma safu hii. Warudi wiki hii, seva ikiwa imewaka, waendeshe `efibootmgr -v`, na watume picha ya kinachoonekana kwenye skrini.