Udongo Uliochomwa na Chokaa ya Sudi

Ubeti wa kwanza ndio mlango wa utenzi: hapo msomaji hukaribishwa, na hapo ustadi wa mtunzi hupimwa. Uso wa jumba la makumbusho nao ni ubeti wa namna hiyo. Kwa mizani hii yafaa kuhakikiwa ukuta ulio mbali na mwambao wa Lindi, ila una deni kwake: ule wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London, yaliyofunguliwa mwaka 1881.

Msanifu wake, Alfred Waterhouse, aliuvika ukuta huo udongo wa kuchoma, kwa kuwa masizi ya mji ule yalikuwa yakila mawe, na udongo uliochomwa huoshwa ukatakata. Kwa shauri la Richard Owen, wanyama waliotoweka wakafinyangwa upande wa mashariki, na walio hai upande wa magharibi. Pande hizo hujibizana kama ukwapi na utao. Ni nadra ukuta kutangaza kilichomo ndani kwa vina vilivyotimia hivyo.

Lakini wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Ukuta ule ulikwisha kuchomwa kabla ya mifupa ya Tendaguru, bara ya Lindi, kufukuliwa. Tangu 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba huko, na zaidi ya tani 200 zikachukuliwa na watu, vichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi, zikasafirishwa Berlin. Kati ya 1924 na 1931 wakaja wachimbaji wa makumbusho ya London yenyewe. Mchukuzi hakupata hata mshororo mmoja ukutani. Kilichokwisha kuchomwa hakipokei neno jipya.

Ghuba ya Sudi imo katika pwani yenye ada nyingine, ya matumbawe na chokaa. Chokaa hudai mkono wa mtu. Ikitelekezwa, chumvi na mvua huila. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalikaa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Huo ni udhaifu, lakini una fadhila yake: apakaye upya aweza kuongeza. Wala Sudi haikosi maneno ya kuongeza. Historia yake kwa Kiswahili imo katika mkusanyiko wa Carl Velten wa 1907.

Basi likijengwa jumba la makumbusho katika mwambao huo, na liige London kwa mpangilio, si kwa udongo. Na ubeti wake wa kwanza uwataje wachukuzi.