Kuiacha DjVu Lilikuwa Kosa

Mwaka 2016 Internet Archive iliacha kutengeneza faili za DjVu, muundo uliobuniwa kwa kurasa zilizoskaniwa, kwa vitabu inavyoskani, ikatubakizia PDF. Kwa sisi tunaosoma kwenye wino wa kielektroniki lile lilikuwa kosa, na hakuna kisomaji kipya kilicholifuta.

Kuskani kwenyewe hakuna lawama: kamera mbili, tegemeo la umbo la V, kurasa zinafunguliwa kwa mkono. Safi.

Balaa ni kinachofuata. Fikiria kamusi ya Krapf ya 1882, karatasi imeshaingia unjano. Kwenye simu unavumilia. Kwenye skrini yenye ngazi 16 tu za kijivu, unjano ule unageuka vumbi la nukta nyuma ya kila neno, na ukifungua ukurasa mwingine, kivuli cha uliopita hakitoki. Yann LeCun, Léon Bottou na wenzao wa AT&T walikwisha kulimaliza hili kwa DjVu katika miaka ya 1990. Waliuchambua ukurasa katika matabaka: maandishi peke yake, makali, karatasi na madoa yake peke yake, kwa nukta chache. Unaagiza tabaka la maandishi tu, karatasi inaondoka, herufi zinabaki nyeusi tii. Programu ya kusomea ya KOReader ina chaguo hilo hadi leo, kwa DjVu. PDF ya Archive nayo ina matabaka, lakini visomaji havikupi njia ya kuyatenganisha. Prosesa dhaifu inahangaika kuzifumbua picha zake za JPEG 2000, kisha inakuletea ukungu uleule. Nimesema miaka mingi na narudia: JPEG 2000 si ya vifaa hivi.

Mtanitajia programu ya k2pdfopt. Ni kazi ya ustadi, inakata mistari ya picha na kuipanga upya ienee skrini ndogo. Ila kwenye kamusi, kuingia na kutoka kwa mstari ndiko kunakoonyesha kidahizo, na upangaji huo mara nyingi unakuvuruga. Kindle DX ya 2009 haikuhitaji ukataji: inchi 9.7, PDF inafunguka ukurasa mzima. Amazon ikaiacha, ikaturudisha kwenye skrini ndogo hadi Kindle Scribe ya 2022. Na DjVu, Kindle haikuipokea kamwe.

Leo, anayetaka kusoma kwa raha kitabu kilichoskaniwa baada ya 2016 ashushe picha ghafi, azigeuze nyeusi na nyeupe, aziunganishe kwa programu za DjVuLibre. Jioni nzima kwa kitabu kimoja, kwa kazi ambayo mashine za Archive zilikuwa zikiifanya zenyewe.