Ile picha ya Narok na ziwa letu Moero

Wandugu, tangu mwezi wa 3 mwaka 2018 kuna picha moja haichoki kuzunguka mu simu zetu. Barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, kule Kenya, imekatika, shimo refu limefunguka, na chini yake wameandika kama Afrika inapasuka na bahari inakuja. Juma lililopita baba mdogo wangu, hapa Kilwa, alinitumia tena ile picha na swali: aendelee kujenga nyumba kando ya ziwa ao aache? Mimi ni agronomu, siyo jeolojisti, lakini udongo ninaujua kidogo, na ile picha inatudanganya.

Kwanza shimo lenyewe. Pale karibu na mlima Suswa udongo ni majivu ya volkano, mwepesi, haushikani. Mvua kubwa ilipita chini kwa chini, ikabeba majivu, kisha juu kukaporomoka. Kila mutu ambaye amekwisha kuona erozyo inakula shamba ataitambua. Kama chini kabisa mwamba nao umepasuka, wataalamu walibishana sana, lakini kazi ile tunaona kwa macho ni ya maji.

Karte inayofuatana na picha njo inaniudhi zaidi. Mstari mmoja toka Etiopia, Kenya, mpaka Msumbiji, kama vile umekatwa na wembe. Upande wetu, hakuna kitu! Lakini bonde la ufa lina tawi la magharibi: Albert, Edouard, Kivu, Tanganyika. Na toka pale kuna tawi lingine linalokuja kusini-magharibi, Upemba na Moero. Tanganyika ina kina cha meta 1 470, Moero haifiki hata 40, na hata hivyo ni watoto wa mama mmoja. Tena, kati ya bamba kubwa la Nubia na lile la Somalia kuna mabamba madogo, Victoria na Rovuma. Mpaka wao hauishii pwani. Unaingia mu bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska, kwenye mgongo wa Davie. Ule mgongo ni kovu la zamani, la wakati Madagaska iliteleza kwenda kusini, dinozori wangali hai. Leo, kandokando yake, sakafu ya bahari inavutwa upya na bonde la Kerimba linafunguka. Kwa hiyo wale wanaongojea bahari ifike kwenye mpaka, sehemu ya mpaka iko tayari chini ya bahari.

Na mwendo? Kaskazini, kule Etiopia, mabamba yanaachana karibu milimeta 6 kwa mwaka, na huku kusini ni chini ya hapo. Kucha zako zinaenda mbio zaidi. Ni kweli ardhi inaweza kuruka mara moja: mwezi wa 9 mwaka 2005, kule Afar, magma ilipanda mu ufa wa kilometa 60 na kuachanisha ardhi mpaka meta 8 mu siku chache. Pale njo bahari inazaliwa kweli, juu ya ganda limekuwa jembamba na basalti mpya inajaza nafasi. Moero haijafika pale, na hakuna anayejua kama itafika.

Lakini ile picha haisemi kitu kuhusu matetemeko. Kabalo, 1992. Kalemie, mwezi wa 12 mwaka 2005, ukubwa wa 6,8, nyumba zilianguka na watu wakafa. Karibu na Kaputa, ng'ambo ya Zambia, mwezi wa 2 mwaka 2017, 5,9. Watu wanaogopa maji ya miaka milioni nyingi, wakati wanalala chini ya ukuta wa tofali mbichi ambao hakuna kitu kinaufunga.

Baba mdogo nilimujibu ajenge, lakini tofali achome, na juu ya madirisha azungushe mkanda wa betoni yenye vyuma nyumba nzima. Aliniuliza tu: mifuko mingapi ya simenti?