Nyumba Kongwe ya Al Mintirib: Tazameni Juu!

Mashaallah! Miaka nenda miaka rudi nasikia habari za nyumba kongwe za Sharqiya, Oman, na leo ndiyo kwanza nimeingia moja, hapa hapa Al Mintirib, wilaya ya Bidiya, karibu na ngome, ambapo mchanga wa Wahiba umesogea hadi ukingoni mwa mji. Jamani, nyumba hii!

Anzeni na mlango. Mabawa mawili mazito, na mfaa wa katikati umechongwa nakshi toka juu hadi kizingitini. Mtu aliyekulia Mkunazini, Unguja, hahitaji kuelekezwa namna ya kuufungua. Ukiingia, jua lote unaliacha nje. Kuta za matofali ya udongo ni nene kupita mkono wangu, na ubaridi wake ni mtamu hata kiyoyozi hukikumbuki. Vidaka vimejipanga ukutani, vyembamba, kila kimoja na upinde wake.

Lakini tazameni juu! Boriti! Si magogo ya mtende. Ni mikoko yetu, ile ile ya Rufiji na Lamu, imelala sambamba, juu yake makuti yaliyosukwa, kisha udongo. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi hadi Sur, na toka Sur mzigo ukapanda ngamia kuja huku bara. Boriti ya mkoko haivuki sana dhiraa sita, ndiyo maana chumba ni kirefu na chembamba, sawasawa na vya Mji Mkongwe. Upana wa sebule ya Bidiya umeamuliwa na mti wa pwani ya Afrika! Nimesimama hapo shingo imekakamaa, sitaki kutoka.

Na fedha je? Nyingi zilitoka huko huko. Nendeni Ibra, mtaa wa Al Minzfah, mkaone maghorofa yaliyojengwa kwa mali ya biashara ya Unguja na mrima. Koo za Waharthi na Wabarwani ni za upande huu. Sehemu ya mali hiyo ilitokana na pembe za ndovu na watumwa, na hilo nalo lisemwe wageni wakitembezwa.

Baada ya 1970 watu walihamia nyumba za saruji. Hizi zikabaki na warithi, wengine Maskati, wengine Unguja, na dalali hawezi kuuza mpaka wote wakubaliane. Ila Nizwa, mtaa wa Al Aqr, na Misfat al Abriyeen, wenyeji wameshikana, nyumba kuukuu zimekuwa za kulaza wageni, na watu wanamiminika. Al Mintirib wageni wanapita kila siku kwenda jangwani. Wapeni pa kulala!

Warithi, nawaomba: anzeni na dari. Pembe ya kaskazini udongo umeshapasuka na maji yanapenya kwenye boriti. Beit al Ajaib ya Unguja, jengo la Serikali, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Nyumba hii bado imesimama wima, na fundi wa udongo anaweza kuiziba kabla ya mvua.