Mkia Uliobandikwa Mbele: Jinsi 4G Ilivyoumudu Mwangwi

Simama Kariakoo katikati ya maghorofa, ufungue video kwenye simu. Wimbi la mnarani linakufikia kwa njia nyingi: moja limenyooka, jingine limegonga kioo cha jengo, jingine limezunguka nyuma ya ukuta. Wimbi la redio husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja, hivyo lililozunguka mita 600 zaidi huchelewa mikrosekunde 2. Mtambo unaotuma alama (vipande vya wimbi vinavyobeba data) milioni 10 kwa sekunde, moja baada ya nyingine, utakuwa umeshatuma alama 20 zaidi. Mwangwi wa alama ya kwanza unaziangukia hizo, na simu inasikia vurugu.

Dawa ya 4G ilikuwa kupunguza mwendo. Data hugawanywa katika vijito vinavyokwenda sambamba: kwenye upana wa megahezi 20 vijito ni 1,200, vimeachana kilohezi 15, na kila alama hudumu mikrosekunde 66.7, hivyo mwangwi wa mikrosekunde 2 huchafua mwanzo wake tu. Robert Chang wa Bell Labs alichapisha wazo hilo mwaka 1966. Mwaka 1971 Weinstein na Ebert wakaonyesha kwamba hesabu ya Fourier inatosha kuvitenganisha, bila kufunga kipokezi kwa kila kijito.

Ila kwangu mimi ustadi wenyewe uko kwenye pengo kati ya alama na alama. Ukiacha kimya hapo, mwangwi wa alama iliyopita unafia humo. Sawa. Lakini mwangwi wa alama yenyewe unaingia kwenye dirisha la hesabu, yaani muda ambao simu husoma alama, ukiwa pungufu, mizunguko yake haitimii, na vijito vinaanza kuingiliana. Mwaka 1980 Peled na Ruiz wa IBM wakaja na jibu: nakili mkia wa alama, uubandike mbele yake. Kwa kuwa kila kijito hukamilisha mizunguko mizima ndani ya alama, mkia na kichwa huungana bila mshono. Mwangwi ukichelewa, dirisha bado linaona mizunguko kamili. Simu huutupa mkia, kisha husahihisha kila kijito kwa kugawanya kwa namba moja tu.

Kwa kawaida mkia wa 4G ni mikrosekunde 4.7, unaohimili mwangwi uliozunguka takriban kilomita 1.4 zaidi. Gharama yake ni karibu asilimia 7 ya muda wa hewani, na naiona bei halali kabisa. 5G imeurithi. Wi-Fi nayo ilipata wake mwaka 1999, mikrosekunde 0.8 tu, kwa sababu kuta za sebuleni ziko karibu.